Matope ya Kagera Hayauzwi Dukani: Staa wa Vifaru Vidogo Amemkosea Dogo

Hali ya hewa imechafuka kwenye kona ya watu wanaounga vifaru vya plastiki. Kama hukujua kona hiyo ipo, basi ipo. Ni watu wazima, wana kazi zao na familia zao, ila usiku wakirudi nyumbani wanawasha taa ya mezani, wanakata vipande vya plastiki, wanavigandisha kwa gundi, halafu wanavipaka rangi mpaka kitu chenye urefu wa mkate kinafanana na kifaru kilichotoka vitani jana. Kuna wanaofuga njiwa, kuna wanaokusanya raba kali, na hawa wana vifaru vyao. Hakuna ubaya hapo.

Ubaya umeletwa na staa mmoja wa hiyo kona. Wanaomfuata wanamjua: video zake zina muziki wa taratibu, mikono imevaa glavu nyeusi, meza safi kama ya daktari wa meno. Jina halitajwi hapa, maana yeye ni mmoja tu. Wa aina yake wapo wengi, na wote wana tabia moja: wakiona kazi ya mtu mdogo, kwanza wanacheka, halafu wanauza.

Stori iko hivi. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, dogo mmoja fundi simu aliposti picha nne za kifaru chake. Ni Type 59, kifaru cha Kichina ambacho ni ndugu wa damu wa T-54 ya Wasovieti. Ndicho JWTZ ilichoingia nacho kwenye Vita vya Kagera. Kile cha kweli kina tani 36, mzinga wa milimita 100 na watu wanne ndani. Cha dogo ni skeli ya 1/35, maana yake mwili wa meta 6 umeshuka mpaka sentimita 17 hivi. Alikipaka kijani, halafu akakichakaza. Vumbi jekundu kwenye madigadi na ubavuni. Tope jeusi lililokauka chini kwenye magurudumu. Juu, alama za viatu pale wanajeshi wanapopanda na kushuka. Maelezo aliyoweka yalikuwa mafupi tu: Kyaka mpaka Kampala, 1979.

Hazikupita saa nyingi. Staa akazibeba zile picha, akaziweka kwenye ukurasa wake na kuandika: "Hiki ni kifaru au mshikaki umepakwa pilipili?" Akaongeza kwamba vumbi la rangi ile halipo vitani, kwamba asiyejua asijifanye anajua, na anayetaka vumbi sahihi abonyeze kiungo kwenye bio. Mashabiki wakafanya yao. Emoji za kucheka zikamwagika mpaka chini. Kesho yake dogo kafuta picha zote nne na akaunti kaifunga.

Na kifaru chenyewe? Watu wake wa karibu wanasema kipo kwenye boksi la viatu, juu ya kabati.

VUMBI LA WAPI HILO?

Hoja ya staa ilikuwa moja tu, rangi. Basi iangaliwe hiyo hiyo.

Staa kajifunzia kwenye video na vitabu vya Wazungu, na hilo halina dhambi, maana fani ya kuchakaza ilikulia huko. Mbelgiji François Verlinden ni mmoja wa waliowafungua watu macho miaka ya 1970 na 1980: mwagia kifaru maji ya rangi nyeusi ili mistari na mashimo yaonekane, kisha pitisha brashi kavu kwenye kingo zing'ae. Miaka ya 2000 akavuma Mhispania Miguel Jiménez, wengi wanamwita Mig, na mambo ya unga wa rangi kwa ajili ya vumbi na tope. Biashara ikafuata. Vichupa vikapewa majina kama vumbi la Ulaya na udongo wa Urusi.

Majina hayo ni ya kweli. Anayeunga T-34 ya mwaka 1943 anahitaji udongo wa Urusi, na akikipaka kifaru hicho vumbi jekundu la Bukoba, kweli achekwe. Alichofanya staa ni kuchukua kile kichupa cha udongo wa Urusi na kukipeleka Missenyi, halafu akamshangaa mwenye nyumba kwa nini uwanja wake hauna rangi ya kichupa.

Mtu yeyote aliyewahi kupita barabara za vumbi za Kagera anajua kinachotokea. Unashuka kwenye gari nyusi nyekundu, kola nyekundu, begi ulilonunua jeusi limekuwa jekundu. Huyo ni abiria aliyekaa ndani na dirisha limefungwa. Sasa chukua chuma cha tani 36 kinachosaga barabara hiyohiyo kwa minyororo, na mbele yake kuna magari mengine yanamtimulia vumbi usoni. Kifaru hicho kitakuwa na rangi gani ikifika jioni? Kijivu cha Berlin?

Kwa waliozaliwa juzi, historia yenyewe ni hii kwa kifupi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Mwanzoni mwa Novemba wakalipua daraja la Kyaka. JWTZ ikajipanga, ikawarudisha, Januari 1979 ikachukua Mutukula, mwisho wa Februari ikawa Masaka. Machi ikaja Lukaya, ambako JWTZ ilikutana na wanajeshi wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Ramani ya njia hiyo ndiyo inayomtetea dogo. Kyaka kwenda Mutukula ni udongo mwekundu. Lukaya ni kinamasi, barabara inapita katikati ya maji na mafunjo, na tope la kinamasi ni jeusi. Ndiyo maana kifaru cha dogo kilikuwa chekundu ubavuni na cheusi chini kwenye magurudumu, jeusi likiwa juu ya jekundu kwa sababu lilikuja baadaye. Kwa anayeijua njia hiyo, picha zile zinasomeka kama tiketi ya basi: ulipandia wapi, umepitia wapi.

Na dogo hakuota. Kibandani kwake kuna mzee mmoja wa mtaa, mstaafu wa jeshi, aliyekwenda kule akiwa kijana. Mzee huyo huleta simu yake ya batani kila chaji inapokataa kuingia, anakaa kwenye stuli kusubiri, stori zinaanza. Ndiye aliyemsimulia dogo kwamba kijani cha vifaru kilikuwa kinaonekana asubuhi tu, kabla injini hazijawashwa. Dogo akasikiliza mwaka mzima, ndipo akashika brashi. Staa aliangalia picha kwa dakika moja, ndipo akashika simu.

KUTU YA KUTAFUTIA LAIKI

Sasa twende kwenye kazi za staa mwenyewe, maana anayechungulia sufuria ya jirani lazima na ya kwake ifunuliwe.

Kazi yake iliyovuma kuliko zote ni Tiger ya Wajerumani. Laiki hazihesabiki. Kifaru kizima kina kutu kuanzia mzinga mpaka nyuma, kutu inachuruzika ubavuni kama machozi, utadhani kimeopolewa baharini. Kinavutia kwenye simu, hilo likubaliwe. Ila kilikuwa wapi kifaru hicho?

Tiger ya kwanza iliingia vitani mwaka 1942. Vita Ulaya vikaisha Mei 1945. Kwa hiyo hakuna Tiger hata moja duniani iliyopigana miaka mitatu kamili. Nyingi zilichomwa, zikaishiwa mafuta au zikaharibika na kuachwa njiani mapema zaidi ya hapo. Chuma cha mbele kina unene wa milimita 100, kimepakwa rangi ya msingi nyekundu, juu yake rangi ya jeshi. Kutu inayokula chuma cha namna hiyo kila inchi itachukua muda gani? Kuna daladala zina miaka 20 barabarani, zimekula mvua, chumvi na mifereji ya mjini, na bado mlango una rangi yake. Daladala inashinda Tiger kwa usafi?

Hii haina maana kwamba kifaru hakipati kutu. Kinapata, tena mahali panapojulikana. Ekzosi, kwa sababu moto unaunguza rangi na kuacha chuma uchi. Minyororo, kwa sababu haina rangi, ila upande unaokanyaga ardhi unang'aa kwa kusuguliwa. Kwenye Type 59 ekzosi ipo kwenye madigadi ya kushoto. Madigadi ya kulia yana matenki ya dizeli, na dizeli ikimwagika vumbi linagandia hapo, panakuwa peusi na penye mng'ao. Dogo aliweka kutu kushoto kwenye ekzosi tu na doa la mafuta kulia kwenye matenki. Angalia tena zile picha kama unazo kwenye simu. Vyote viwili vipo. Staa mwenye macho ya kuona pilipili hakuviona.

Waliotazama Fury, ile filamu ya Brad Pitt ya mwaka 2014, wakairudie. Sherman yao imejaa matope, magogo yamefungwa ubavuni, mabegi na maturubai yananing'inia. Ni gari ambalo watu wanaishi ndani yake. Tiger iliyotumika humo ni ya kweli, inaitwa Tiger 131, Waingereza waliiteka Tunisia mwaka 1943 na sasa ipo kwenye jumba la makumbusho ya vifaru, Bovington. Filamu ya pesa nyingi, kifaru cha kweli, na hakuna aliyeona haja ya kukigeuza meli iliyozama.

Dada zetu wanalielewa jambo hili haraka kuliko mastaa wa vifaru. Kuchakaza ni kama meikapu. Hata mbinu zinafanana: kuna ile ya kung'arisha sehemu za juu zinazopigwa na mwanga na kutia giza sehemu za chini, ambayo ni kontua ileile ya bibi harusi. Meikapu nzuri unamwona bibi harusi. Ikizidi unaona meikapu, na mama mkwe anauliza huyu ni nani.

Na kila mkwaruzo una sababu yake. Vifaru vya kwanza vya Wajerumani vilivyoshushwa Libya mwaka 1941 vilikuja na rangi ya kijivu, ndipo vikapakwa rangi ya jangwa juu yake. Ukivikwaruza, kinachochungulia ni kijivu. Vifaru vya Wasovieti wakati wa theluji vilipakwa nyeupe ya chokaa, na chokaa inatoka kwanza pale watu wanapokanyaga. Fundi mzuri anajiuliza nani alikanyaga wapi. Staa anajiuliza kipi kitatrendi.

DUKA LINAITWA BIO

Kile kiungo kwenye bio ndicho kinachotia shaka zaidi. Staa hakuishia kusema rangi ya dogo ni mbaya. Alisema mbaya, halafu palepale akaonyesha anapouzia nzuri. Mtu kuuza halina kosa, kila mtu ana kodi ya nyumba. Ila muuza miamvuli akiwa ndiye mtabiri wa hali ya hewa, mvua haitakatika mjini.

Vumbi la kichupa lina sifa zake. Limesagwa laini sana, rangi yake haibadiliki, na linashika vizuri. Mwenye hela anunue. Tatizo ni kuwaaminisha madogo kwamba bila kichupa hakuna kazi, wakati mama zao wanafagia vumbi la bure mlangoni kila asubuhi.

Mbinu nyingi za fani hii zilianzia jikoni na dreesing tebo, hazikuanzia dukani. Mfano ni ile ya sprei ya nywele, ambayo mafundi wakubwa wa dunia wanaitumia mpaka leo. Unapaka kwanza rangi ya kutu au ya chuma. Ikikauka unapuliza sprei ya nywele. Juu yake unapaka kijani cha akriliki. Halafu unalowesha na maji kidogo, unasugua na brashi ngumu. Ile sprei ya chini inayeyuka, kijani kinabanduka vipandevipande, chuma kinachungulia. Mkwaruzo unatoka wa kweli kuliko wa kuchorwa. Chumvi ya jikoni inafanya kazi ya aina hiyo. Vumbi linatengenezwa kwa chaki iliyosagwa. Masizi ya ekzosi ni mkaa. Mng'ao wa minyororo ni penseli, unasugua ile risasi yake kwenye kingo basi. Dogo alitumia vitu hivyohivyo, na udongo mwekundu aliuchekecha kwa soksi ndefu ya dada yake.

Hilo ndilo linalomuuma staa kuliko rangi. Kazi iliyopata sifa bila kupita dukani kwake.

Na wale walinzi wa sheria wanaosema fani ina miiko yake, wakumbuke hiyo skeli ya 1/35 wanayoiheshimu kama msahafu ilitoka wapi. Ilianzia Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni ya Tamiya ilitengeneza kifaru cha Panther chenye mota, na ukubwa wake ulitokana na betri zilizotakiwa kuingia ndani. Walipokuja kupima wakakuta ni kama 1/35. Betri ndizo zilizopanga. Dunia nzima imefuata.

MAKOSA YA DOGO YAPO

Ili isionekane dogo anabebwa, makosa yake yasemwe. Yapo manne.

La kwanza, punje za udongo ni kubwa. Kwenye skeli ya 1/35, punje ya milimita moja ni sawa na jiwe la milimita 35 kwenye kifaru cha kweli, yaani saizi ya ndimu. Ubavuni kushoto pana ndimu kadhaa zimeganda. Angechekecha mara mbili au tatu zaidi.

La pili, wekundu wa juu ya kile kichwa chenye mzinga umelingana mno. Vumbi linatua pale palipo bapa, na pale watu wanapokalia linafutika. Kingo zilitakiwa kubaki kijani.

La tatu, maji ya rangi yameacha miduara kama ya kikombe cha chai mezani. Dawa yake ni kupaka vanishi ya kung'aa kwanza, ili maji yateleze yaingie kwenye mistari. Na maji yenyewe yawe rangi ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tapentaini, kwa sababu tapentaini haiili akriliki iliyokauka vizuri, hivyo ukikosea unafuta bila kuharibu kijani cha chini.

La nne, minyororo imevutwa imekaza. Vifaru vya ukoo wa T-54 havina vigurudumu vya juu vya kubeba mnyororo, kwa hiyo sehemu ya juu inalegea na kulala juu ya magurudumu makubwa. Ilitakiwa ikandamizwe igande na gundi.

Hayo ndiyo makosa. Yanaandikika kwenye komenti moja, na dogo angeyarekebisha wikiendi hiyohiyo. Staa ana ujuzi wa kuyaona yote manne. Hakutaja hata moja. Kitu pekee alichokikosoa ndicho pekee ambacho dogo alipatia.

"NI UTANI TU"

Timu staa tayari wametoa povu. Wanasema ulikuwa utani, dogo ana roho nyepesi, mtandaoni lazima ukubali kukosolewa. Wengine wanasema staa amewatoa mbali, bila video zake wasingejua hata kushika brashi. Hilo la mwisho ni kweli na apewe maua yake. Video zake za mwanzo, zile za kabla ya glavu nyeusi, zilikuwa darasa la bure.

Ila utani una mahali pake. Wasukuma na Wazaramo wanataniana, wote wawili wanacheka, na msibani mtani ndiye anayefika mapema kufanya kazi. Mtu mwenye maelfu nyuma yake akimtania mtu mwenye wafuasi mia mbili, anayecheka ni upande mmoja tu. Na kumkosoa mtu ni kumwambia kimekosekana nini. Mshikaki na pilipili vinamfundisha nini fundi simu?

Kuna jambo zito zaidi ya laiki. Ingia mtandaoni utafute vifaru vidogo. Tiger wapo wa kumwaga, Sherman wa kumwaga, T-34 wa kumwaga. Kila kona ya vita vya Wazungu imeungwa, ikapakwa rangi, ikabishaniwa mpaka rangi ya kamba za viatu. Vita vya Kagera vimeungwa na wangapi? Seti za Type 59 zipo, Trumpeter na MiniArt wanazitoa, mtu yeyote anaweza kuagiza. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mzee akauliza vumbi lilikuwa la rangi gani. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 amezaliwa 1959. Piga hesabu mwenyewe wamebaki wangapi, na watabaki wangapi miaka kumi ijayo. Hilo vumbi halijaandikwa kwenye kichupa chochote. Lipo kwenye vichwa vya wale wazee.

Sasa akitokea mmoja aliyeuliza, akasikiliza, akaweka, halafu mtu mkubwa wa fani anamcheka mbele ya umati, madogo wengine wanaotazama wanajifunza nini? Wanajifunza kuunga Tiger. Wanajifunza kwamba vita vya babu zao havina rangi sahihi.

Na wanaomjua dogo wanasimulia kitu ambacho staa hakukiona kwenye simu yake. Yule mzee alikuwa ameahidiwa kuonyeshwa kifaru kikiisha. Siku mbili baada ya kejeli kaja kibandani na simu yake ya batani, kakaa kwenye stuli, kauliza kimefikia wapi. Dogo akamjibu bado hakijaisha. Mzee akasema hamna shida, atakuja tena mwisho wa mwezi.

Staa, kazi yako ni nyepesi. Zirudishe zile picha palepale ulipoziweka, mbele ya watu walewale, na uandike kwamba udongo wa Kagera ni mwekundu na hukujua. Kiungo cha duka kiache siku hiyo kipumzike. Hutapoteza wafuasi, wenye akili wataongezeka.

Dogo, shusha hilo boksi juu ya kabati. Legeza minyororo, chekecha udongo upya, futa ile miduara ya chai. Jekundu usiliguse. Mwisho wa mwezi hauko mbali na mzee anakuja.

Na wewe unayesoma, kabla hujaandika "team staa" au "team dogo", fanya kitu kimoja. Kama una baba, babu au jirani aliyekwenda Kagera, mpigie leo umuulize vifaru vyao vilikuwa na rangi gani vilipofika jioni. Jibu lake liandike hapo chini kwenye komenti kama alivyolisema.